Ngano ya Kuazima

Nilijifunza kusoma takwimu za uzalishaji asubuhi niliyoamka saa tatu na kukuta askari wangu wanakufa njaa. Mchezo wenyewe ni Travian, uliozaliwa Ujerumani mwaka 2004 na kuchezwa kwenye kivinjari bila kupakua chochote. Unaanza na kijiji kimoja, unakuwa, kwa mfano, Mrumi, Mgauli au Mteutoni, kisha unazalisha vitu vinne: mbao, udongo, chuma na ngano. Vitatu vya kwanza ni vya kujengea na kuajiri askari. Ngano inaliwa, saa ishirini na nne, hata wewe ukiwa umelala.

Mimi nilikuwa naangalia namba moja: ngano kwa saa. Usiku ule ilisema 50 zaidi, nikaenda kulala nimeridhika. Kumbe ile ni salio tu. Ukiifumua, unakuta mashamba yangu 6 yalitoa 100 kila moja, yaani 600. Juu yake kulikuwa na nyongeza ya dhahabu, inayonunuliwa kwa pesa halisi na kudumu siku chache, asilimia 25: hizo ni 150. Jumla 750. Wanakijiji na askari walikula 700.

Sasa toa dhahabu. Zinaingia 600, zinaliwa 700. Ile robo, ambayo mtu angeiona ni kitu cha kuchangamsha tu, ndiyo ilikuwa imebeba jeshi zima. Yangu iliisha saa sita usiku. Ghala lilikuwa na ngano 700, zikafika saa moja asubuhi, na baada ya hapo mchezo ukaanza kupunguza walaji.

Kinachoniuma ni kinu. Kinu kinaongeza asilimia 5 kwa kila ngazi mpaka 25, robo ileile, na ukishakijenga ni chako. Sikukijenga kwa sababu kilidai mbao na udongo niliotaka kuutumia kwenye kambi ya askari. Mwenzangu wa muungano aliniambia, "Kaka, ajiri askari kwa namba isiyo na dhahabu." Nikamwona mwoga.

Kwa kuwa nilikuwa Mrumi, aibu ilinipeleka kusoma habari za Warumi wenyewe. Mji wa Roma haukulishwa na mashamba ya jirani. Augustus alipoitwaa Misri mwaka 30 KK, ngano ya bonde la Nile ikawa yake, nayo ya Afrika Kaskazini, hasa eneo la Tunisia ya leo, ikaja kwa meli vilevile. Katika maandishi yake mwenyewe Augustus anataja watu zaidi ya 200,000 waliokuwa wakipokea nafaka ya umma. Mji ulijaa kwa kipimo cha ngano ya ng'ambo. Konstantinopoli ilipozinduliwa mwaka 330, ngano ya Misri ikageuziwa huko, Roma ikabaki kuegemea Afrika. Mwaka 439 Geiseric, mfalme wa Wavandali, akaiteka Carthage. Karne hiyohiyo Roma ilipungua watu vibaya.

Shuleni tulisimuliwa kuanguka kwa Roma kwa mapanga na kuta zilizobomolewa, na kweli mapanga yalikuwepo. Geiseric mwenyewe aliuvamia mji mwaka 455. Lakini mimi naanza kuhesabu tangu 439. Mji ule ulikuwa umeshakosa chakula cha ukubwa wake kabla ya meli zake kutia nanga.

Nisijipendelee, lakini. Geiseric hakuwatangazia Warumi siku ya kufika Carthage. Mimi muda wa dhahabu yangu ulikuwa umeandikwa, saa na dakika, kwenye ukurasa ambao sikuufungua.

Asubuhi ile yule mwenzangu alinitumia ngano 2,000 bila kusema neno juu ya ushauri wake. Wafanyabiashara wake walichukua karibu saa mbili kufika. Walipofika nikaanza kinu, ngazi ya kwanza.