Loophole: tundu aliloliacha mwenye ngome

Neno la Kiingereza "loophole" sisi hulitafsiri mwanya, na tukilisikia tunamfikiria mkwepa kodi na wakili wake. Kumbe asili yake ni vita! Katika karne ya 14, "loop" lilikuwa tundu jembamba kwenye ukuta wa ngome. Kamusi hulitenganisha na ile "loop" tunayoandika kwenye programu. Neno "hole", yaani shimo, liliongezwa mwishoni mwa karne ya 16.

Tundu hilo lilikuwa jembamba nje, pana ndani: mlinzi alilenga mshale wake, adui akakosa pa kumpiga. Maana ya kukwepa ilikuja karne ya 17.

Basi tundu halikutobolewa na adui. Liliachwa makusudi na mwenye ngome. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya Robert Morris ilijisambaza yenyewe kwenye intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa sehemu ya majaribio ndani ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Mafundi waliiweka ili wakague kazi yao, ikabaki wazi.

Kwa hivyo ndugu msomaji, kabla hujamsaka mdukuzi, kagua kwanza matundu uliyojiachia mwenyewe.