Siku, Kilomita, Saa: Kuhesabu Safari Kutoka Old Moshi

Mwaka 1889 wajumbe wa Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, walikwenda Berlin pamoja na Mjerumani Otto Ehlers kuonana na Kaisari Wilhelm wa Pili. Waliteremka kutoka migombani kwao kwa miguu hadi pwani, ndipo wakapanda meli. Wakati huo safari ilihesabiwa kwa siku.

Na siku zenyewe ziliamuliwa na maji kuliko miguu. Aliyetoka Mombasa kwenda Taveta alipaswa kuvuka nyika ya Taru, kavu na yenye miiba, na huko maji ya kutegemewa yalikuwa juu ya kilima cha Maungu. Mpagazi aliyebeba mzigo mchana kutwa alipanda kilima hicho kwanza ndipo anywe. Mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, akaiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei. Wiki mbili nzima! Ilhali kwa mstari ulionyooka, kutoka Rabai hadi Kilema, kwenye mteremko wa mlima huo, hazifiki kilomita 250.

Kilomita zilikuja na reli. Mwaka 1911 njia ya kutoka Tanga ilifika Moshi, kilomita 352, lakini haikupanda mlimani. Ilikomea tambarare, na mji mpya ukaota kuizunguka stesheni, ukachukua jina la Moshi. Makao ya Rindi huko juu yakabaki kuitwa Old Moshi. Ndivyo stesheni ilivyohamisha hata mahali pa kuanzia kuhesabu.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa 1971 kati ya Moshi na Arusha, ulikuja na hesabu nyingine. Uko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Penye mwinuko na joto hewa huwa nyepesi, ndege nzito huhitaji mbio ndefu kabla ya kuruka, na njia ya kurukia hapa ina urefu wa mita 3,600 hivi.

Chukua safari ya Amsterdam. KIA iko nyuzi 3.4 kusini mwa Ikweta, Amsterdam nyuzi 52.3 kaskazini. Jumla ni karibu nyuzi 56, na kila moja ni kama kilomita 111: tayari kilomita 6,200 za kwenda kaskazini pekee. Ongeza tofauti ya nyuzi 32 za kwenda magharibi, ufuate tao fupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, utapata karibu kilomita 6,900. Ndege inayokwenda kilomita 870 kwa saa itazimaliza kwa saa nane hivi, kisha kuna dakika za kupaa, za kushuka, na za upepo wa siku hiyo.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila ni ya ndege. Wapagazi walihesabu tangu mlangoni, pamoja na kila walichokutana nacho njiani. Anayetoka Kidia, huko Old Moshi, leo huteremka Kiboriloni, huvuka mji, hupita Boma Ng'ombe hadi njia panda ya KIA, na lazima afike saa kadhaa kabla ndege haijaruka. Masika mvua ikikaza, ndugu wanaomsindikiza huondoka mapema zaidi, na muda huo haumo kwenye tiketi.