Hongo Ilipopigiwa Ngoma

Neno askari lilifika Unyamwezi kabla ya serikali yoyote ya kigeni. Lilikuja kwa miguu, pamoja na misafara ya pwani iliyovuka Ugogo kuelekea Kazeh, kituo cha wafanyabiashara kilichokua hadi kuwa Tabora. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 walikuwa na Mabulushi waliopewa na Sultani wa Zanzibar kuwa walinzi wao, na misafara mingi ya Waarabu na Waswahili nayo ilikuwa na watu wake wa bunduki. Kazi ya watu hao ilikuwa na pande mbili. Walikinga mizigo isiporwe njiani, na waliwachunga wapagazi wasitoroke usiku wakiwa wamekwisha kupokea sehemu ya ujira. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo alimjua askari kama mtu anayemlinda na kumchunga kwa wakati mmoja, na aliyemlipa askari huyo alikuwa mwenye mali, si mbeba mali. Leo tunapouliza kama raia wa kawaida amwamini polisi, tunaulizana juu ya tabia za polisi: ni waadilifu au wala rushwa, wapole au wakali. Njia ya misafara inatufundisha kuanza na jambo jingine. Mlinzi huaminiwa na yule anayeweza kumdai hesabu, na katika Unyamwezi, kwa zaidi ya miaka mia, mwenye uwezo huo mara chache sana alikuwa mwananchi.

Lichukue neno hongo. Leo kuhonga ni kumpa mtu kitu kwa siri ili apindishe haki. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukiingia katika nchi ya mtemi ulisimama, mjumbe akaja, vitambaa vikapimwa, shanga na waya zikahesabiwa, mabishano yakachukua siku moja au hata wiki nzima. Wasafiri wa Kizungu walilalamika kupita kiasi juu ya hongo ya Ugogo, wakaiita unyang'anyi, lakini wao wenyewe waliandika kwamba ikikubaliwa, ngoma hupigwa. Ngoma ile iliwatangazia wote kwamba msafara umelipa, uachwe upite, watu wauze chakula. Malipo yalikuwa makubwa, pengine ya dhuluma, ila yalisikika. Mtemi aliyepokea hongo alijifunga mbele ya watu wake kwamba wageni wale wako chini ya ulinzi wake. Mnywa Sele wa Unyanyembe alipowatoza Waarabu wa Tabora ushuru, hawakuvumilia. Mwaka 1860 walimwondoa na kumweka Mkasiwa, kisha Mnywa Sele akapigana nao porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Ugomvi ule ulihusu biashara, lakini ulihusu pia nani ana haki ya kuulinda mji na kulipwa kwa kazi hiyo. Neno limebaki katika lugha yetu, ngoma imeondolewa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi malipo ya ulinzi yanavyooza yakipotelewa na mashahidi.

Vita ile iliwanyanyua rugaruga, vijana wa vita walioishi kwa bunduki na ngawira, na ambao Mirambo wa Urambo aliwatumia kujenga dola. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Tabora yote ikatetemeka. Baadaye alipopatana na wamisionari, watu wao walipita nchini mwake kwa amani. Rugaruga wale wale waliofanya njia kuwa kaburi ndio walioifanya salama, kwa kuwa walimsikiliza mtu mmoja. Na alipokufa Desemba 1884 dola yake haikudumu. Tabora yenyewe ilikuwa chini ya mtemi Isike, ambaye Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa na jeshi la Wajerumani chini ya Tom von Prince, alilipua baruti akipendelea kufa kuliko kukamatwa. Walioingia baada yake walikuwa askari wa boma. Wakusanya kodi ya nyumba walikwenda nao, na viboko ishirini na vitano vya adhabu vikapata jina, hamsa ishirini, ambalo wazee walilirithisha. Waingereza walianzisha polisi wa Tanganyika mwaka 1919, lakini polisi hao waliwekwa zaidi mijini na kando ya reli. Vijijini utulivu uliachwa kwa watemi na matarishi wao. Mwaka 1963 serikali huru iliufuta utemi. Ulistahili kufutwa kwa sababu nyingi. Ila ulipoondoka, kijiji cha Nzega au Igunga kilipoteza mtu wa karibu ambaye mwenye ng'ombe walioibwa angemwendea usiku, na kituo cha polisi kilikuwa mbali, hakina gari, au kina gari lisilo na mafuta.

Wapo watakaosema kwamba ni dhuluma kumhukumu polisi wa leo kwa dhambi za askari wa Mjerumani. Nakubali, na kwa hiyo nauacha ukoloni. Miaka isiyozidi kumi na mitano baada ya uhuru, mwaka 1976, kaskazini mwa Tabora, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilianza operesheni dhidi ya mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini watuhumiwa waliteswa wakiwa mikononi mwa serikali, na baadhi yao walikufa. Habari zilipofika juu, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mapema mwaka 1977 ingawa yeye hakumgusa mtu. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kutiwa hatiani. Nasisitiza yote mawili. Raia wa Shinyanga alikuwa na sababu ya kuogopa kituo cha polisi, na nchi hii ilijua wakati mmoja jinsi ya kumfanya mkubwa abebe mzigo wa vifo vilivyotokea katika mahabusi ya mbali. Kujiuzulu kule kulirudisha imani kuliko hotuba yoyote ingeweza.

Haikutosha, hata hivyo. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliacha bunduki mikononi mwa watu wasiopaswa kuwa nazo, uchumi ukaanguka, na majambazi wakaanza kuvamia nyumba na kuswaga mifugo. Wananchi walisema jambo moja kila mahali: mwizi tunamkamata, tunampeleka kituoni, kesho tunakutana naye njiani. Hapo ndipo, karibu mwaka 1982, kutoka upande wa Kahama na kuenea Nzega na kwingineko, walitokea Sungusungu, waliojiita pia Wasalama. Jina ni la wale chungu weusi wanaouma kwa pamoja. Walishika upinde na mishale, walipuliza filimbi, na walimchagua kiongozi wakamwita ntemi, cheo kilichofutwa miaka kumi na tisa kabla. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na wanakijiji ambako nyayo zimeishia walidaiwa kuonyesha zilikotokea. Mwizi alisomewa makosa mkutanoni, akatozwa faini au akatengwa: asipewe moto, asisalimiwe, asizikiwe. Serikali iligawanyika. Polisi na mahakimu waliwaona wavunja sheria. Ndani ya chama tawala walipata watetezi wenye nguvu.

Wengi huishia hapa kwa shangwe, wakisema wananchi walionyesha kwamba hawamhitaji polisi. Siwezi kuishia hapo, na sababu yangu ni vikongwe. Sungusungu wa vijiji vingi hawakuwinda wezi tu. Walitafuta na wachawi. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, aliweza kufukuzwa kijijini au kuteswa mbele ya mkutano uleule ulioamua kesi za ng'ombe kwa haki. Nimetetea mambo yafanyike hadharani, basi nakiri kwamba uwazi haumkingi mtu ambaye hadhara yote imemgeuka. Mikoa ya Usukuma na Unyamwezi imewaua vikongwe wengi kwa tuhuma hizo kwa miongo kadhaa, na waliowaua mara nyingi walitoka miongoni mwa ndugu na jirani. Kwa bibi huyo, polisi anayetoka mbali, asiye na ukoo pale, anayedai ushahidi na kumpeleka mtuhumiwa mbele ya hakimu, ni tumaini pekee. Hata lile lalamiko la mwizi kukutwa njiani linahitaji kupimwa upya. Mara nyingine ameachiwa kwa hongo. Mara nyingine amepata dhamana, ambayo ni haki yake, au ushahidi haukuwapo. Mwananchi asiyeelezwa tofauti huona rushwa katika yote mawili, na si kosa lake, kwa kuwa hakuna aliyepiga ngoma.

Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo na kuwapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi yule yule. Sioni ajabu kwamba mtu aliyeng'olewa uwaziri na ukatili wa vyombo vya dola aliongoza serikali iliyowaingiza wanakijiji wenye mishale katika sheria. Tangu hapo yamejaribiwa mengi. Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996 iliwataja polisi na mahakama miongoni mwa sehemu zilizoliwa na rushwa. Kuanzia 2006 Said Mwema akiwa Inspekta Jenerali alileta polisi jamii na ulinzi shirikishi. Mwaka 2023 tume ya haki jinai chini ya Jaji Othman Chande ilishauri lile jina la Jeshi la Polisi libadilike liwe la huduma. Jina lina uzito, kwani jeshi hutoa hesabu kwa amiri wake. Lakini askari wa msafara hakuwa na jina baya. Alikuwa na mlipaji asiye yule anayelindwa.

Wanaosema kwamba raia wakimshuku polisi, jambazi ndiye anayefaidi wanasahau kwamba kushuku na kukataa kushirikiana si jambo moja. Mpagazi alimshuku askari miaka yote na bado walifika pamoja Bagamoyo, pembe zikiwa salama. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji husoma pale mapato na matumizi, watu wakauliza mpaka jua linazama. Polisi kata husimama katika mikutano hiyo kuhimiza wananchi watoe taarifa za wahalifu. Asimame pia asome taarifa zake: kesi zilizofunguliwa kutoka kijiji hiki, waliopata dhamana na kwa nini, waliofikishwa mahakamani, ng'ombe waliorudishwa na mwenyewe ni nani. Na bibi kama yule, akija kituoni usiku akasema anatishiwa, atajwe kwa namna isiyomtia hatarini, ili wanaomtishia, ambao wamekaa pale pale chini ya mwembe, wasikie kwamba jalada limefunguliwa.