Shaba, Usafishaji wa Vyombo vya
Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ambayo katika majumba ya kale ya Unguja, Lamu na Mombasa huonekana kwa sura ya masinia, madele ya kahawa na njumu za milango, haidumu na mng'ao wake, kwa sababu hewa ya bahari, kwa chumvi na unyevu wake, huitia utando mweusi na, ikipuuzwa, kutu ya kijani iliyo na sumu. Dawa yake ya asili, nayo ni bora na rahisi, ni kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi, au rojo la ukwaju: asidi huyeyusha utando, na mwenye kusugua huiona rangi ya dhahabu ikichomoza pale pale kidole kipitapo. Jivu laini la kuni hukata mafuta. Walakini asidi isilazwe juu ya chombo, kwani huila zinki na kuacha madoa mekundu. Sharti kioshwe kwa maji ya sabuni, kisha kikaushwe barabara. Mchanga, ingawa wengi huupendelea, hukwaruza nakshi, na haufai kabisa.