Jacques Rabemananjara: Mfungwa wa 1947, Waziri wa 1970

Usiku wa Machi 29, 1947, wapiganaji wengi wao wakiwa na mikuki na mapanga waliivamia kambi ya jeshi la Ufaransa huko Moramanga, mashariki mwa Madagaska. Siku mbili kabla yake, chama cha kizalendo cha MDRM, chenye wabunge watatu, Joseph Raseta, Joseph Ravoahangy na kijana wao Jacques Rabemananjara, kilikuwa kimepeleka telegramu mikoani kikiwasihi wafuasi wake watulie. Upande wa mashtaka uliigeuza telegramu hiyo kuwa ushahidi: ati ilikuwa ishara ya siri ya kuanzisha vita!

Rabemananjara, mzaliwa wa Maroantsetra mwaka 1913, alikuwa na miezi michache tu tangu achaguliwe. Alikamatwa, akateswa, na mwaka 1948 akahukumiwa kazi ngumu maisha. Wenzake walihukumiwa kifo, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa. Huko nje jeshi lilikuwa likiwamaliza raia; takwimu za mwanzo za Wafaransa wenyewe zilitaja vifo 89,000, ingawa wanahistoria wengi wa sasa wanakadiria 30,000 hadi 40,000. Gerezani humo ndimo alimoandika shairi refu *Antsa*, lililomfanya ajulikane miongoni mwa waandishi weusi wa Paris. Alipoachiwa mwaka 1956 alijiunga nao katika kongamano lao la Sorbonne, akasimama jukwaa moja na washairi Senghor na Césaire.

Mwaka 1960 Rais Philibert Tsiranana wa Madagaska huru aliwarudisha nyumbani wabunge wote watatu wa 1947. Rabemananjara akawa waziri wa uchumi, kisha wa kilimo, na kuanzia 1967 wa mambo ya nje. Hapo ndipo penye uzito. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya uhuru wa Mwafrika akawa mtetezi wa mazungumzo na serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini. Mwaka 1970 waziri mwenzake wa makaburu, Hilgard Muller, alipokewa Antananarivo, na mikataba ya kiuchumi ikafuata. Hoja ilikuwa mitaji na watalii kwa nchi maskini. Naielewa shida ile, lakini siikubali hoja hiyo: waliokuwa katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini, wakati huo walikuwa wafungwa wa siasa kama alivyokuwa yeye.

Mei 1972 wanafunzi na wafanyakazi waliujaza mji mkuu, risasi zikawaua makumi, Tsiranana akamkabidhi Jenerali Ramanantsoa madaraka. Waziri mpya wa mambo ya nje, Didier Ratsiraka, akayavunja mazungumzo na Pretoria. Rabemananjara alirudi Ufaransa, safari hii kama mkimbizi wa serikali ya Wamalagasi wenzake.

Aligombea urais mwaka 1992, akiwa karibu na miaka 80, akapata kura chache sana. Alifariki Paris Aprili 2005. Wanaofundisha mashairi yake shuleni wafundishe pia miaka yake ya uwaziri. Bila hiyo, wanafunzi watapewa nusu tu ya mtu huyu.