Nyundo, Mama wa Vyombo, Katika Nchi za Biharamulo na Ngara

Watu wengi wakitazama jembe husifu shamba, na wakitazama shoka husifu mti ulioanguka. Wachache huuliza ni chombo gani kilichozaa jembe na shoka. Chombo hicho ni nyundo. Twapenda kuwaeleza wasomaji habari zake katika nchi za Biharamulo na Ngara na majirani zao, kwani huko nyundo haikuwa mali ya fundi tu. Ilikuwa pia alama ya enzi.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Wayeyushaji wa chuma waliojulikana sana katika Uzinza na kusini yake ni Warongo. Hawa hawakuwa kabila. Walikuwa chama cha kazi, nacho kilipokea watu wa koo na makabila mbalimbali, mradi wamepitishwa katika desturi za kuingizwa. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma makaa, wakajenga tanuu, wakafukuta kwa mifuo iliyopeleka upepo motoni kwa bomba za udongo. Kilichotoka tanuuni hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Sharti bonge hilo lipigwe hata takataka zitoke, ndipo mhunzi apate kulifua.

Mhunzi alikuwa na vyombo vichache. Katika nchi hizi za maziwa palikuwa na nyundo isiyo na mpini, kipande kizito cha chuma chenye ncha: ikishikwa mkononi ni nyundo, ncha ikichomekwa chini ni fuawe. Labda msomaji atauliza, chuma hukataje chuma? Siri yake ni moto. Chuma kikiwa chekundu hulainika, na tindo iliyo baridi hukipasua. Mfinyanzi huambiwa, Udongo uwahi ungali maji. Mhunzi naye sharti awahi chuma kingali chekundu. Hata mashine za leo zafuata sheria hiyo: katika kerezo, kisu hukata kwa sababu ni kigumu kupita chuma kinachozungushwa.

Lakini nyundo yenyewe ilifuliwa kwa nini? Kwa nyundo nyingine iliyoitangulia. Basi kila nyundo ilikuwa na mzazi, kama mtu alivyo na ukoo. Twadhani hii ndiyo sababu wafalme waliitamani. Katika Karagwe, jirani wa kaskazini, hazina ya wafalme pale Bweranyange ilikuwa na nyundo za chuma pamoja na sanamu za ng'ombe za chuma, na masimulizi humtaja Mfalme Ndagara kuwa mhunzi. Katika Rwanda, ng'ambo ya mto kutoka Ngara, kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa mwaka 1969, nyundo mbili za chuma zilikutwa karibu na kichwa chake.  Walimzika na kile kinachozaa jembe.

Majembe ya Uzinza yalisafiri mbali. Wasukuma waliyanunua, nayo yakatumika katika mahari kama fedha. Lakini chuma cha kigeni nacho kilikuja. Zamani za utawala wa Wajerumani, na kisha wa Waingereza, majembe ya Ulaya yalijaa madukani kwa bei ndogo, na tanuu zikazimika moja baada ya moja. Wahunzi hawakwisha, ila walianza kufua vyuma vikuukuu vilivyotoka ng'ambo. Hapo ndipo ilipokuwa hasara. Atakayepoteza jembe atanunua jingine. Atakayepoteza elimu ya kulizaa atanunua siku zote.

Je, elimu hiyo yaweza kurudi? Katika Buhaya, mabaki ya tanuu karibu na Kemondo yaonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa huko zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, wakiwa pamoja na Profesa Peter Schmidt wa Marekani, walijenga tanuu tena na kutoa chuma, baada ya kazi hiyo kuachwa miaka mingi. Hawakuwa na kitabu. Walikuwa na kumbukumbu. Lakini kumbukumbu huzikwa pamoja na mwenyewe.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu mambo mawili. Mkiona mavi ya chuma shambani, msiyatupe wala msiyavunje kuwa kokoto. Hayo ni maandiko ya wazee wasiojua kalamu. Tena, kijana akienda kujifunza ufundi wa chuma, asitosheke kutumia mashine aliyoikuta. Na ajifunze kutengeneza kile kinachotengeneza. Wafalme wa zamani walijua tofauti hiyo, wakaiweka nyundo katika hazina zao.