Fahamu Vipimo vya Macho Kabla na Baada ya Upasuaji

Mkazi wa Kibosho anayehitaji huduma za kibingwa za macho huweza kuzipata Moshi, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kaskazini, KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Iwe ni upasuaji wa kuondoa mtoto wa jicho au ule wa leza unaobadili umbo la konea ili kupunguza utegemezi wa miwani, hatua ya kwanza ni kupima kwa usahihi. Ikumbukwe kuwa leza ya konea haiondoi mtoto wa jicho. Vipimo ndivyo huonesha tatizo ni lipi.

Kiwango cha kuona

Chati ya herufi itumikayo hospitalini ilibuniwa na daktari Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Mgonjwa hukaa umbali wa mita 6 na kila jicho hupimwa peke yake. Matokeo ya 6/60 yana maana kwamba mtu huona katika mita 6 kile ambacho mwenye uoni wa kawaida hukiona katika mita 60. Asiyejua kusoma huoneshwa herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, naye huashiria kwa mkono upande inakoelekea.

Kabla ya upasuaji

Kwa upasuaji wa leza, hupimwa nguvu ya miwani, unene wa konea na umbo lake. Anayevaa lenzi za machoni hutakiwa kuziacha kwa muda atakaoelekezwa na daktari, kwa kuwa hubadili umbo la konea na kupotosha vipimo. Aidha, nguvu ya miwani inapaswa kuwa imetulia kwa takriban mwaka mmoja.

Kwa mtoto wa jicho, hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa konea ili kuchagua lenzi ya kupandikizwa. Kosa la milimita 1 katika urefu huo huweza kupotosha nguvu ya lenzi kwa zaidi ya daiopta 2, na mgonjwa akalazimika kuvaa miwani mizito.

Baada ya upasuaji

Kipimo hurudiwa kwa umbali na mwanga uleule, kuanzia siku za mwanzo na kuendelea kwa wiki na miezi kadhaa, kwani jicho huchukua muda kutulia. Mgonjwa asiache kuhudhuria kwa sababu tu anaona vizuri.

Umuhimu wa kutunza kumbukumbu

Konea iliyopunguzwa kwa leza hufanya kipimo cha shinikizo la jicho kionekane cha chini kuliko hali halisi, hivyo glakoma huweza kuchelewa kugunduliwa. Vilevile, kijana aliyefanyiwa leza leo akipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atahitaji vipimo vya awali ili kukokotoa lenzi kwa usahihi zaidi.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kuomba nakala ya vipimo vya kabla na baada ya upasuaji, kuitunza pamoja na nyaraka zake muhimu, na kumjulisha kila mtaalamu wa macho atakayemhudumia. Iwapo atapata maumivu makali, wekundu unaoongezeka au uoni kupungua ghafla, asisubiri tarehe ya kliniki; afike mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.